Sumu Isiyouma Siku ya Kazi

Yuko mdudu mdogo mweusi, fukusi wa migomba, ambaye wakulima wa Bukoba na Buganda wanamjua kwa uharibifu wake sawasawa na wanavyomjua wakulima wa visiwa vya Martinique na Guadeloupe katika bahari ya Karibi. Hutaga mayai penye shina, na mabuu yake hulitoboa tunguu hata mgomba uliobeba mkungu ukaanguka kwa upepo hafifu. Miongoni mwa sumu zilizotumiwa kumwangamiza fukusi huyo ni unga ulioitwa klodekoni, uliobuniwa na kampuni ya Allied Chemical ya Marekani na kuuzwa kwa jina la Kepone. Habari za unga huo zastahili kuelezwa kwa kirefu mbele ya kila mtu ambaye riziki yake inatoka kiwandani au shambani, kwa kuwa mfanyakazi ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza wa madhara yake, na ushahidi wake haukusikilizwa.

Mambo mengi ya mwili wa binadamu, tangu kukua na kubaleghe hata kushika mimba, huamrishwa na homoni, ambazo hutolewa na tezi kwa kiasi kidogo mno na kuchukuliwa na damu kama tarishi achukuavyo barua, kila moja ikiwa na mahali pake pa kupokewa. Klodekoni ina tabia ya kupenya mahali panapopokea estrojeni, homoni ya kike, ikapokewa kana kwamba ndiyo yenyewe. Sumu ya namna hii si lazima iunguze ngozi wala ilete kikohozi. Aghalabu mtu humaliza zamu yake akiwa mzima, akaoga, akalala, na dhara likaja kudhihiri baada ya miaka, katika uzazi wake au katika tezi zake, wakati mwajiri amekwisha kumsahau na kiwanda kimekwisha kubadili jina.

Katika mji wa Hopewell, jimbo la Virginia, dhara halikukawia kiasi hicho, kwa sababu kipimo kilikuwa kikubwa kupita kiasi. Mwaka 1974 kampuni ndogo ya Life Science Products ilianza kuutengeneza unga huo kwa ajili ya Allied Chemical, ndani ya jengo lililokuwa zamani kituo cha petroli. Vumbi lilitanda kila mahali. Watu walilivuta, walilikanyaga, walikula chakula cha mchana huku likielea hewani, na jioni walirudi nalo majumbani katika nguo za kazi, hata sumu ikaja kuonekana katika damu ya wake zao. Mikono ikaanza kutetemeka, macho yakawa yanachezacheza bila kutulia, vifua vikauma, na miili ikakonda. Mwezi wa Julai 1975 tabibu mmoja, Yi-nan Chou, alipoyatilia shaka maradhi ya mgonjwa wake, alipeleka damu yake Atlanta kwenye kituo cha serikali cha kuzuia maradhi, na majibu yaliporudi kiwanda kikafungwa mwezi ule ule. Kati ya wafanyakazi 133 waliochunguzwa, 76 walikuwa wameugua, na baadhi ya wanaume walionekana mbegu zao za uzazi ni chache na hazina nguvu ya kwenda. Mto James unaopita hapo, uliochafuliwa na sumu hiyo, nao ukapigwa marufuku kwa wavuvi, na mwaka 1976 Allied Chemical ikatozwa na mahakama faini ya zaidi ya dola milioni 13.

Mtu mwenye insafu angetaraji kwamba habari hizo zingetosha kuukomesha unga huo duniani kote. Haikuwa hivyo. Serikali ya Ufaransa, iliyouruhusu mwaka 1972 utumiwe katika mashamba ya ndizi ya Martinique na Guadeloupe, iliuruhusu tena mwaka 1981 kwa jina jipya la Curlone, ilhali miaka sita ilikuwa imepita tangu Hopewell. Ulipopigwa marufuku mwaka 1990, visiwa hivyo vilipewa ruhusa ya pekee hadi 1993. Vibarua, wanaume kwa wanawake, waliumwaga kwa mkono chini ya kila mgomba, na wengi wao hawakupewa glavu wala kitambaa cha kufunika pua.

Wala haikuwa kwamba hawakulalamika. Mapema mwaka 1974, kabla ya dunia kulisikia jina la Hopewell, vibarua wa ndizi wa Martinique waligoma, na pamoja na nyongeza ya ujira walidai kuondolewa kwa sumu walizokuwa wakizishika kila siku. Jawabu walilolipata tarehe 14 Februari, huko Chalvet, lilikuwa risasi, na mfanyakazi Rénor Ilmany akauawa. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi: watu wasio na maabara wala shahada, kwa kuitazama mikono yao wenyewe, walitangulia kuyajua yale ambayo wataalamu walikuja kuyathibitisha baadaye.

Leo zaidi ya watu wazima tisa katika kila kumi visiwani humo wana klodekoni katika damu, kwa kuwa ardhi iliyoinywa haiachi upesi, na viazi na samaki huichukua humo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010 uliihusisha sumu hiyo na kansa ya tezi dume. Desemba 2021 Ufaransa ilikubali kuihesabu kansa hiyo kuwa maradhi ya kazi kwa waliotumia sumu za mashambani. Lakini Januari 2023 mahakimu wa uchunguzi mjini Paris walilifunga shauri la jinai pasipo kumshitaki mtu yeyote, na mojawapo ya sababu ilikuwa taabu ya kuthibitisha mambo yaliyokwisha kupitwa na miaka mingi.

Hapo ndipo dhuluma ilipo. Sumu inayochelewa humlinda aliyeitumia vibaya, na kumtaka mgonjwa alete hoja ni kumtwika maskini mzigo ambao tajiri ndiye mwenye daftari zake. Klodekoni iliingizwa mwaka 2009 katika orodha ya Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake, lakini ziko nyingine zinazovuruga homoni ambazo bado zinauzwa. Tanzania ina sheria ya usalama na afya mahali pa kazi tangu 2003, na Kenya tangu 2007. Wakaguzi wana mamlaka ya kuingia mashambani na viwandani, na yapasa wayatumie kabla watu hawajaugua. Nawe ndugu unayepiga dawa shambani au kuchanganya rangi kiwandani, uliza jina la kitu unachopewa, dai kusomewa karatasi ya maelezo yake, kataa kukishika kwa mkono mtupu, na nguo zako za kazi usizifikishe nyumbani kwa mke na watoto.