Darasa la Kwanza na Zamu ya Mzazi

Ndugu mfanyakazi, je, unajua mtoto wako wa darasa la kwanza anasoma nini wiki hii? Wengi wetu tutajibu kwamba anasoma a, e, i, o, u. Jibu hilo si baya, lakini halitoshi.

Hapa Uganda, tangu mwaka 2007, masomo ya darasa la kwanza hadi la tatu yamepangwa kwa mada, na mwalimu huzigawa mada hizo wiki kwa wiki. Ikiwa wiki hii ni habari za watu wa nyumbani, basi kusoma, kuandika, kuhesabu na hata nyimbo huhusu watu wa nyumbani. Wiki ijayo darasa linaingia jambo jingine. Mtoto aliyekosa siku tatu amekosa zaidi ya nusu ya wiki hiyo, na wenzake hawamsubiri.

Kwa hiyo habari za darasa ni za kila wiki. Mzazi anayengoja ripoti ya mwisho wa mwaka amechelewa.

MWAKA MZIMA KWA UFUPI

Watoto huanza kusoma juu ya shule yao, nyumbani kwao na jamii yao. Halafu ni mwili na afya, hali ya hewa, kisha ajali na usalama. Baadaye kuna kuishi pamoja, chakula, usafiri, vitu tunavyotengeneza, mazingira, na mwisho amani na usalama.

Tazama orodha hiyo vizuri. Ni nani anayejua hali ya hewa kuliko mchuma chai, ambaye mvua na jua ndivyo vinavyompimia kazi? Ni nani anayejua ajali kuliko mtu wa kiwandani, aliyeona mwenzake akipoteza kidole kwenye mashine? Ni nani anayejua vitu vinavyotengenezwa kuliko yule anayeona miwa ikiingia upande mmoja na sukari ikitoka upande wa pili? Usiseme, "Mimi sikusoma, sina la kumwambia mtoto." Unalo. Mwalimu anafundisha mambo ambayo wewe unayaishi.

Robo saa jioni inatosha. Muulize mtoto leo wameimba nini. Mwambie akusomee neno moja, hata kama wewe hulijui. Mpe maharagwe ayahesabu kabla hayajaingia chunguni. Haba na haba hujaza kibaba.

LUGHA YA KAMBINI

Mpango huo wa 2007 unataka mtoto aanze kwa lugha ya mahali alipo, kisha Kiingereza kichukue nafasi polepole kuanzia darasa la nne. Ni mpango mzuri kwa mtoto anayezungumza lugha hiyo nyumbani. Lakini kambi zetu zina watu wa kila pembe. Mtoto wa Mlugbara aliyezaliwa katika shamba la miwa la Busoga anakuta mwalimu anafundisha kwa Lusoga. Akikaa kimya, wengine husema ni mzito wa akili. Si mzito, anatafuta maneno tu.

Siku ya kumwandikisha, mwambie mwalimu ni lugha gani inayosemwa nyumbani kwako. Mwache mtoto acheze na watoto wa jirani, maana hao ndio walimu wake wa kwanza wa lugha. Na wewe uendelee kumsimulia hadithi kwa lugha yako. Mtoto anayejua kusimulia kwa lugha moja hujifunza ya pili kwa wepesi.

KARO IMEONDOKA, WAJIBU UMEBAKI

Elimu ya msingi kwa wote ilianza mwaka 1997, na karo ikaondolewa katika shule za serikali. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 ikasema kila mtoto wa miaka sita na zaidi lazima asome shule ya msingi. Lakini sheria hiyo hiyo imemwachia mzazi chakula na mavazi. Mtoto aliyeondoka nyumbani bila uji hasikii mwalimu, anasikia tumbo.

Jambo jingine ni kuwachukua watoto shambani ili kipande kiishe upesi. Tunajua kwa nini hufanyika: kipande ni kikubwa na malipo ni madogo. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 12 mahali popote pa kazi. Kipande kikizidi nguvu za mtu mmoja, hilo ni shauri la chama kulipeleka kwa mwajiri. Si mzigo wa mtoto wa miaka sita.

MKUTANO WA WAZAZI NI SAA NGAPI?

Shule huita wazazi mchana, siku ya kazi. Mwenye zamu ya asubuhi hawezi kwenda. Mwenye kipande akienda, hukatwa siku yake. Mwalimu huona viti vitupu na kudhani wazazi wa kambini hawajali. Wanajali, lakini wakienda watoto watalala njaa.

Hili si la mtu mmoja kulimaliza peke yake. Mwaka 1981 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 156 juu ya wafanyakazi wenye majukumu ya familia. Katika jimbo la California, Marekani, mzazi anayefanya kazi mahali penye wafanyakazi 25 au zaidi ana haki ya kupata hadi saa 40 kwa mwaka kwa shughuli za shule ya mtoto wake. Huko nako wafanyakazi wana zamu, na viwanda havikufungwa kwa sababu hiyo.

Kila tawi laweza kuanza na mambo matatu. Kwanza, mwakilishi mmoja achukue habari za darasa la kwanza kwa mwalimu kila Ijumaa: mada ya wiki ijayo, vitu vya kuleta, na siku ya mkutano. Habari hizo zibandikwe kambini na zisomwe kwa sauti siku ya posho, ili asiyejua kusoma naye asikie. Pili, wazazi wabadilishane zamu kwa taratibu zinazojulikana na msimamizi. Tatu, mkataba unapojadiliwa tena, tudai nusu siku yenye malipo kila muhula kwa mzazi wa mtoto wa shule ya msingi. Mihula ni mitatu. Jumla ni siku moja na nusu kwa mwaka.

Samaki mkunje angali mbichi. Mwaka wa darasa la kwanza haurudi, na hesabu yake ni wiki kwa wiki. Jioni ya leo, kabla ya kulala, muulize mtoto wako: "Wiki hii mwalimu anafundisha nini?"