HOKI YA BARAFUNI: JE, TIMU IMARA NI ILE IPIGANAYO?

Usiku wa Jumamosi, tarehe 15 Februari, mwaka 2025, timu ya Kanada na timu ya Marekani zilikutana mjini Montreal katika mashindano ya hoki ya mataifa manne. Kabla ya mchezo kuanza, watazamaji wengi walikuwa wameuzomea wimbo wa taifa wa Marekani. Mara mchezo ulipoanza, Mmarekani mmoja na Mkanada mmoja walitupa chini magongo na glavu zao wakaanza kupigana ngumi. Walipokwisha kuamuliwa, wengine wawili walishikana. Na baada yao wengine wawili tena. Mapigano hayo matatu yalitokea kabla saa ya mchezo haijahesabu sekunde kumi.

Watu waliojaa ukumbini walisimama wakashangilia. Wapiganaji wote sita walipelekwa kwenye benchi la adhabu, wakakaa dakika tano, kisha wakarudi kucheza. Kwa mtu aliyezoea kandanda, ambako mchezaji arushaye ngumi hufukuzwa uwanjani papo hapo, mambo hayo ni ya ajabu. Yafaa basi kueleza kwa nini mchezo huu una desturi ya namna hiyo, wapenzi wake wanaitetea kwa hoja gani, na desturi yenyewe imewagharimu nini wachezaji.

MCHEZO WENYEWE

Hoki ya nyasini si ngeni kwa watu wa Kenya. Timu ya Kenya ilipata nafasi ya nne katika Kombe la Dunia lililochezwa Barcelona mwaka 1971. Hoki ya barafuni ni ndugu yake, lakini ni ndugu mwenye hasira zaidi. Kila upande una watu sita, pamoja na kipa. Wachezaji huvaa viatu vyenye makali ya chuma chini yake, nao huteleza juu ya barafu kwa mwendo wa kasi kuliko mtu awezavyo kukimbia. Hawapigi mpira wa mviringo, bali kisahani kidogo cheusi cha mpira mgumu. Uwanja una urefu wa mita 60 hivi, nao umezungushiwa ukuta, hata mchezaji hana mahali pa kutokea.

Tena sheria inamruhusu mchezaji kumkumba kwa bega mwenzake aliye na kisahani. Basi msomaji afikirie mwenyewe: watu kumi na wawili, kila mmoja ana gongo mkononi, wanakwenda kasi ndani ya ukuta, na kukumbana ni halali. Si ajabu hasira zikawaka.

Ligi kubwa ya mchezo huu katika Amerika ya Kaskazini ilianzishwa Montreal mwaka 1917. Tangu mwaka 1922 iliweka sheria kwamba wapiganao ngumi watolewe kwa dakika tano. Watu wawili wakitolewa pamoja kwa kosa hilo, wengine huingia badala yao, hivyo hakuna upande unaopungukiwa. Baadaye sheria ziliongezwa. Mtu wa tatu ajiingizaye katika ugomvi wa wawili hutolewa kabisa, na tangu mwaka 1992 aliyeanzisha ugomvi hupewa adhabu nzito zaidi kuliko mwenziwe. Katika michezo ya Olimpiki mambo ni tofauti: apiganaye hufukuzwa.

MANENO YA WAPENZI WA MCHEZO

Mpenzi wa hoki wa Kanada akiulizwa kwa nini anataka timu yake iwe na watu wa kupigana, kwa kawaida hutoa sababu tatu. Sababu hizo zastahili kusikilizwa, kwa maana hazitokani na kupenda damu tu.

Sababu ya kwanza ni ulinzi. Mpenzi huyo atasema kwamba mchezaji stadi huwindwa na wapinzani, hupigwa kwa magongo miguuni na kusukumwa ukutani, na refa hawezi kuona kila kitu. Kwa hiyo yampasa awe na mlinzi. Mfano autajao mara nyingi ni wa Wayne Gretzky, ambaye wengi humhesabu kuwa mchezaji bora kupita wote waliopata kucheza. Gretzky hakuwa mtu wa miraba minne. Alipokuwa Edmonton, alicheza pamoja na Dave Semenko na Marty McSorley, watu wa ngumi waliojulikana kote. Aliyemgusa Gretzky alijua atakayekutana naye baadaye. Gretzky alipouzwa kwa timu ya Los Angeles mwezi wa Agosti 1988, McSorley alikwenda naye. Watu wa namna hiyo zamani waliitwa polisi wa timu, na jina hilo laonyesha wapenzi wa mchezo walivyowafikiria.

Sababu ya pili ni moyo. Timu iliyofungwa mabao mawili na kuanza kulegea huweza kuamshwa na mtu mmoja aliye tayari kupigwa mbele ya wenzake. Hapa mpenzi wa hoki hutaja timu ya Philadelphia, Flyers, iliyotwaa Kombe la Stanley mwaka 1974 na tena mwaka 1975. Timu hiyo ilitisha. Mchezaji wake mmoja, Dave Schultz, alikaa katika benchi la adhabu dakika 472 katika msimu wa 1974–75, na hakuna aliyewahi kufikia hesabu hiyo katika msimu mmoja wa ligi.

Sababu ya tatu ni heshima. Wapenzi wengi huamini kwamba ngumi za ana kwa ana huzuia mabaya makubwa zaidi, yaani kupigana kwa magongo au kumvizia mtu kwa nyuma. Mwezi wa Mei 2021 Tom Wilson wa timu ya Washington alimwangusha kwa nguvu Artemi Panarin, mchezaji stadi wa New York Rangers, akamwumiza. Wilson alitozwa dola 5,000 tu na kuachwa aendelee kucheza. Wapenzi wa New York walikasirika, wakasema timu yao ni laini, haina mtu wa kulipa kisasi. Timu hizo zilipokutana siku mbili baadaye, mapigano yalianza mara tu mchezo ulipoanza. Na kabla ya msimu mpya, New York walimchukua Ryan Reaves, mmoja wa watu waliogopwa sana katika ligi.

HESABU ZASEMAJE?

Hoja hizi zina nguvu, lakini mtu akizipima kwa matokeo ataona mambo mengine. Katika mchezo ule wa kisasi wa mwaka 2021, New York walipigana sana, na bado wakafungwa mabao 4 kwa 2. Msimu uliofuata waliendelea vizuri wakafika hatua ya nusu fainali. Wapo waliosema ni kwa sababu ya Reaves. Lakini kipa wao, Igor Shesterkin, alipewa tuzo ya kipa bora wa ligi mwaka ule, na Chris Kreider alifunga mabao 52. Ni vigumu kusema kwamba ngumi ndizo zilizofanya kazi hiyo.

Kadhalika Philadelphia. Mchezo uliowapa kikombe mwaka 1974 waliushinda kwa bao 1 kwa 0, na ule wa mwaka 1975 kwa mabao 2 kwa 0. Maana yake ni kwamba kipa wao, Bernie Parent, hakuruhusu hata bao moja katika michezo hiyo miwili mikubwa. Mwaka 1976 walikutana katika fainali na Montreal, timu yenye watu wenye nguvu lakini iliyotegemea hasa mwendo na ufundi. Philadelphia walishindwa michezo minne mfululizo. Wazee walisema hasira ni hasara, na katika hoki hasara hiyo huhesabiwa kwa dakika, kwa maana timu inayotoa watu wake kwa makosa hucheza pungufu, na anayecheza pungufu hufungwa.

Hata mashindano ya mwaka 2025 yalikuwa na mwisho wa kufundisha. Usiku ule wa mapigano matatu Marekani walishinda kwa mabao 3 kwa 1. Siku tano baadaye timu hizo hizo zilikutana Boston kugombea kikombe. Safari hii ngumi ziliwekwa kando. Jambo lililogombewa lilikuwa kubwa mno, na hakuna aliyetaka kuiponza timu yake. Kanada walishinda kwa mabao 3 kwa 2 katika muda wa nyongeza, kwa bao la Connor McDavid, baada ya kipa wao Jordan Binnington kuzuia hatari nyingi.

GHARAMA YAKE

Liko jambo zito kuliko kikombe. Wale walioitwa walinzi walikuwa watu wenye mikono, vichwa na jamaa. Derek Boogaard wa Kanada alikuwa na urefu wa mita mbili hivi. Alicheza michezo 277 katika ligi kubwa na kufunga mabao matatu tu, kwa kuwa kazi yake haikuwa kufunga. Kazi yake ilikuwa kupigana. Mwezi wa Desemba 2010 aliumizwa kichwa katika mapigano, asicheze tena. Mwezi wa Mei 2011 alikufa akiwa na miaka 28, baada ya kuchanganya pombe na dawa kali za maumivu ambazo alikuwa mtumwa wake. Waganga wa Boston walipoupima ubongo wake waliona dalili za ugonjwa uletwao na kupigwapigwa kichwani. Ugonjwa huo huo ulionekana katika ubongo wa Bob Probert, mpiganaji mashuhuri wa Detroit na Chicago, aliyekufa mwaka 2010 akiwa na miaka 45.

Mfupa ukivunjika hufungwa ukaunga. Ubongo haufungwi kwa bandeji, wala ugonjwa huo hauthibitishwi kwa hakika mpaka mtu amekwisha kufa. Watazamaji waliokuwa wakisimama kushangilia hawakuwa na habari ya mambo yaliyokuwa yakitendeka ndani ya vichwa vya watu wale, na wachezaji wenyewe pia hawakujua.

UGUMU NI NINI?

Fikira za watu juu ya ugumu zaweza kubadilika, na katika hoki zimekwisha kubadilika mara moja. Zamani mchezaji aliyevaa kofia ngumu alionekana mwoga. Mwezi wa Januari 1968 Bill Masterton wa timu ya Minnesota aliangukia kichwa barafuni bila kofia, akafa akiwa na miaka 29. Hata hivyo ilipita zaidi ya miaka kumi kabla ligi haijawalazimisha wachezaji wapya, mwaka 1979, kuvaa kofia. Siku hizi kila mchezaji huvaa, wala hakuna amwitaye mwoga.

Wapenzi wa hoki wanazo pia hadithi za ugumu wa namna nyingine. Katika fainali ya mwaka 1964, Bobby Baun wa Toronto alitolewa nje kwa machela baada ya kuumia mguu. Alirudi uwanjani, akafunga bao la ushindi katika muda wa nyongeza, na baadaye ikaonekana mfupa ulikuwa umevunjika. Alicheza pia mchezo wa mwisho, nao Toronto wakatwaa kikombe. Hakumpiga mtu. Tena yuko Nicklas Lidström wa Uswidi, mlinzi wa Detroit aliyejulikana kwa kucheza bila ugomvi. Alipata vikombe vinne na tuzo saba za mlinzi bora.

Katika ligi kubwa mapigano bado hayajapigwa marufuku, ila yamepungua sana kuliko yalivyokuwa miaka ya 1980, na mtu asiyejua ila kupigana ni shida kupata nafasi katika timu. Mwaka 2023 ligi ya vijana ya Quebec iliamua kwamba apiganaye atolewe mchezoni. Wapo wapenzi wa mchezo wanaonung'unika kwamba hoki inalainishwa. Lakini swali la kuwauliza ni dogo: katika fainali, timu yao ikitafuta bao moja tu, wangependa nani awe uwanjani, mpiganaji au mfungaji? Jibu lao hujulikana kabla hawajafungua kinywa.

Habari hizi si za mbali kama zinavyodhaniwa. Mwaka 2005 ulifunguliwa uwanja mdogo wa barafu katika hoteli ya Panari mjini Nairobi, na hapo vijana wa Kenya walijifunza mchezo huu wakaunda timu yao, Ice Lions. Kwa kuwa hawakuwa na wapinzani, walizoea kucheza wao kwa wao, mpaka walipoalikwa Kanada mwaka 2018 wakapata mchezo wao wa kwanza na timu ya wageni. Vijana waingiao katika mchezo wa watu wengine wana bahati moja: waweza kuchagua watakayoyaiga. Kuteleza kwa kasi, kutoa pasi bila uchoyo, kuanguka na kuinuka: hayo yote hujifunzwa barafuni, na hayo ndiyo yanayoifanya timu iwe imara.