Mulika mwizi: nusu ya hesabu iko chini ya ardhi

UZI. Kila kampeni ni ile ile: "Sisi tulileta mulika mwizi kumi, wao walileta ngapi?" Halafu tunabishana bei mpaka usiku. Sawa, bei ni swali halali. Lakini kuna sehemu ya hiyo pesa haionekani kwenye picha za uzinduzi.

Tuseme nguzo ya mita 20 inasimamishwa soko la Magwagwa. Uzito wake si shida kubwa. Shida ni upepo. Kasi ya upepo ikiwa maradufu, nguvu yake kwa nguzo inakuwa mara nne. Na ukisukuma zile taa huko juu, nguzo inageuka mtaimbo, inataka kung'oa shina lake. Kwa hivyo msingi hupimwa uweze kuzuia kupinduka, si kubeba mzigo tu. Na mnajua udongo wetu ukinyeshewa wiki nzima.

(Zile za kuongoza magari, zenye mkono juu ya lami, zina balaa zaidi: upepo unazisokota pia.)

Nguzo mbili zinaweza kufanana kabisa kwenye picha, moja ina shimo refu, nondo na boliti nene, nyingine imepandwa kama mti wa ua. Kwa hivyo bei ya chini si ushahidi wa uaminifu. Wala ya juu si ushahidi wa wizi, ingawa inaweza kuwa wizi, sijakataa.

Angalia pia kile kimlango cha waya hapo chini. Ni tundu limekatwa mahali nguvu ni nyingi zaidi, lazima kingo zake ziimarishwe. Kikiachwa wazi, maji yanaingia, kutu inakula kutoka ndani. Na huku Kisii na Nyamira kwa radi hatuchezi: waya wa kuipeleka ardhini ni lazima. Mama mboga anauza hapo chini.

Nani aulizwe? Jedwali la Nne la Katiba limepea kaunti taa za mitaani. Barabara kuu za kitaifa ni za serikali kuu.

Kifungu cha 35 kinakupa haki ya habari, na sheria ya 2016 inataka ujibiwe ndani ya siku 21. Omba mchoro wa msingi, ripoti ya udongo, kasi ya upepo iliyotumika, na mhandisi aliyesajiliwa aliyetia sahihi. Andika tenda ikitangazwa. Ukingoja shimo lichimbwe, zege litakuwa limemwagwa kabla barua yako ijibiwe.