Jibu la Kipimo cha VVU Linahusu Siku Zipi?

Kipimo cha haraka cha VVU, kile cha tone la damu ya kidole, hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza baada ya kuambukizwa, nazo huchukua kati ya siku 23 na 90 kufikia kiwango cha kuonekana. Muda huo huitwa kipindi cha dirisha, na ndani yake ndimo watu wengi hujidanganya. Mtu hupima siku tatu baada ya ngono bila kondomu, huambiwa hana maambukizi, akatulia. Jibu ni la kweli, lakini linahusu miezi iliyopita. Kuhusu tendo la juzi halisemi lolote. Majibu ya mwenzake nayo hayawezi kuwa yake.

Kinachohitajika katika siku hizo tatu ni dawa kinga, PEP. Huanzwa kabla ya saa 72 kupita, mapema iwezekanavyo, na humezwa kwa siku 28. Inasikitisha kwamba wengi hufika kituo cha afya wiki imeshapita, wakiwa wamezuiwa na aibu tu.

Hatari ya tendo moja inategemea aina ya tendo. Mwenza akiwa na VVU na hatumii dawa, makadirio kwa mwanamke katika ngono ya ukeni ni maambukizi 8 kwa kila matendo 10,000, na kwa mwanamume 4. Kwa anayeingiliwa njia ya haja kubwa ni 138. Huo ni wastani, na hupanda mno mwenza akiwa ameambukizwa wiki chache zilizopita, virusi vikiwa vimejaa mwilini, au pakiwa na vidonda vya magonjwa ya zinaa. Anayemeza dawa za kufubaza VVU (ARV) vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo cha wingi wa virusi haambukizi kwa ngono.

Homa, vipele au koo kuuma si ushahidi wa maambukizi. Malaria na mafua huleta hayo hayo.

Kipimo kimoja kikionyesha maambukizi, bado si uthibitisho. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani hupendekeza vipimo vitatu tofauti vikubaliane. Mwaka huo huo sheria ya Tanzania iliruhusu mtu kujipima mwenyewe, na kanuni ni ile ile: mistari miwili kwenye kipimo, yaani dalili ya maambukizi, humpeleka mtu kituoni kuthibitishwa. Aliyekwisha kuanza ARV asitumie kipimo hicho, kwa kuwa dawa zinaweza kukifanya kionyeshe hana virusi ilhali anavyo.