Injini Ina Spea, Pafu Halina

Kwa wengi wetu wa Pwani, Malaba na Busia ni miji tunayoijua kwa simu tu. "Nimefika Malaba, niko foleni," husema mume, kaka au mwana, nasi humshukuru Mwenyezi Mungu kwamba amefika salama, zaidi ya kilomita 900 kutoka nyumbani Mombasa. Nyuma ya sauti yake husikika mngurumo usiokoma. Hiyo ni injini ya dizeli ya lori lake, na juma hili tumependa kuizungumzia, kwani riziki ya nyumba zetu nyingi imo ndani yake, na madhara yamo pia.

Injini hii ilikamilishwa na Rudolf Diesel mwaka 1897, katika kiwanda cha mjini Augsburg, Ujerumani. Siri yake ni mgandamizo. Pistoni huibana hewa ndani ya silinda mpaka ikapata joto la nyuzi 500 na zaidi. Kisha nozeli hunyunyiza mafuta, nayo huwaka yenyewe bila ya plagi. Ili kuhimili nguvu hiyo, kiwandani chuma huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, na matundu ya silinda huchongwa kwa vipimo vyembamba kuliko unywele.

Kazi hiyo hufanyika mbali nasi. Hata malori yanayounganishwa hapa Mombasa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers hufungwa injini zilizokwisha kuundwa ng'ambo. Lakini injini ikichoka njiani, fundi huifungua, akabadilisha ringi, gasketi na nozeli, na lori likarejea barabarani. Kila kiungo chake kina spea.

Mwenye kuliendesha hana spea. Hapo ndipo penye jambo letu.

Mwezi Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ili ukaguzi wa nchi mbili ufanyike mahali pamoja. Hata hivyo, foleni haziishi. Januari 2022, madereva walipogomea ada ya kipimo cha Korona upande wa Uganda, malori yalijipanga kilomita nyingi kutoka Malaba. Foleni husogea kidogo ikasimama, na dereva huona taabu kuzima na kuwasha kila mara. Injini huachwa ikinguruma, ikila takriban lita tatu za mafuta kwa saa bila ya kwenda popote.

Moshi wake huvutwa na dereva, na utingo wake, na mama anayeuza chakula kando ya barabara akiwa na mtoto mgongoni. Juni 2012, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani ya mapafu. Ni kweli kwamba tangu 2015 Kenya na jirani zake zimepunguza salfa katika dizeli, na moshi umepungua ukali. Kupungua, hata hivyo, si kwisha.

Je, sisi tulio nyumbani tuna la kufanya? Tunalo. Anapopiga simu kutoka foleni, baada ya salamu na habari za watoto, tumuulize: "Umezima injini?" Tumsihi asilale ndani ya kabini huku injini ikiwaka. Akikohoa kwa majuma, tusitosheke na tangawizi na asali. Aende hospitali, na amweleze daktari kazi anayoifanya.

Na wenye malori miongoni mwetu, nao wana wajibu. Moshi mweusi aghalabu ni dalili ya nozeli mbovu au filta ya hewa iliyoziba. Dereva akiomba fedha na siku moja ya kulitengeneza lori, asionekane mvivu. Anailinda mali yako, na anailinda roho yake, ambayo ni amana.

Injini ikifa, meli italeta nyingine Kilindini. Pafu la baba watoto haliletwi na meli yoyote.