Haina biti wala maneno, lakini albamu hii ya 1978 bado inatesa

Panda matatu ya Kibwezi kwenda Kitui siku yoyote na utajua utakachosikia. Gita la benga linalia juu, besi inatikisa viti, na mwimbaji anataja majina ya marafiki na vijiji hadi mnafika Mutomo. Tangu enzi za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, Ukambani ni eneo la muziki wa kuchangamka. Ukitaka kulala ndani ya gari, pole yako.

Lakini siku hizi hukosi msee mmoja kiti cha nyuma aliyeziba masikio kwa spika zake ndogo, akisikiliza kitu tofauti kabisa. Piano inagonga noti chache, inanyamaza, inarudi na noti zile zile, ila safari hii zimekaa tofauti kidogo. Hakuna biti, hakuna kiitikio, hakuna mtu anayelalamika kuachwa na mpenzi. Wimbo mmoja unapita dakika 16 bila chochote "kutokea."

Wimbo huo unaitwa 1/1, yaani hata jina haukupewa. Ndio unaofungua albamu ya Ambient 1: Music for Airports aliyoitoa Mwingereza Brian Eno mwaka wa 1978. Aliyezaliwa mwaka huo leo ana watoto wa chuo, na bado watoto hao wanaisikiliza wakisoma, wakisafiri au wakijaribu kupata usingizi. Mwaka wa 2016, jarida la muziki la Pitchfork lilipoorodhesha albamu 50 bora za ambienti za nyakati zote, hii ndiyo iliyoshika nambari moja.

Swali ni moja: kwa nini? Na kijana wa Wote au Mwingi, ambako hata uwanja mkubwa wa ndege hakuna, anapata nini kwenye muziki uliotungiwa abiria wa ndege?

Ilianzia kitandani

Eno hakuwa mgeni katika fani. Alikuwa amepiga sintesaiza katika bendi ya roki ya Roxy Music, tena akiwa amevalia mavazi ya kung'aa kuliko wenzake. Mwaka wa 1975 aligongwa na gari London akalazwa, kisha akawa anaugulia nyumbani. Rafiki yake alimletea santuri ya muziki wa kinubi. Alipoondoka, Eno alijikokota akaiweka, akarudi kitandani, ndipo akagundua sauti iko chini sana na upande mmoja wa stereo haufanyi kazi. Nguvu za kuinuka tena hakuwa nazo.

Basi akabaki pale, muziki ukisikika kwa mbali, umechanganyika na mvua iliyokuwa ikinyesha nje. Amesimulia mara nyingi kwamba hapo ndipo alipopata njia mpya ya kusikiliza: muziki ukiwa sehemu ya chumba, kama mwanga au kama mvua yenyewe. Mwaka huo huo akatoa Discreet Music. Miaka mitatu baadaye ikaja albamu ya viwanja vya ndege, na ndiyo iliyoupa mtindo huu jina lake.

Wazo la viwanja vya ndege lilimjia akisubiri katika uwanja wa Cologne, Ujerumani. Jengo lilikuwa zuri, lakini muziki uliokuwa ukichezwa ulikuwa wa kuudhi. Akajiuliza muziki wa mahali kama pale ungefaa kuwa vipi. Jibu lake lilikuwa la kiutendaji kabisa: lazima uweze kukatizwa na matangazo bila kuharibika, usigombane na sauti za watu wanaoongea, na usijifanye mchangamfu kwa abiria ambaye moyoni ana hofu ya kupaa. Katika maelezo ya albamu aliweka sharti ambalo bado linatajwa hadi leo: muziki wa aina hii uwe unaweza kuupuuza, na wakati huo huo uwe unavutia ukiamua kuusikiliza.

Albamu hiyo ilikuja kuchezwa kweli katika jengo moja la uwanja wa LaGuardia, New York, mwaka wa 1980.

Siri iko kwenye tepu

Watu wengi hudhani muziki huu ni rahisi, eti mtu anabonyeza kinanda halafu anaenda kunywa chai. Kusema kweli, kuna ujanja mkubwa ndani yake.

Chukua wimbo wa pili, 2/1. Unachosikia ni sauti za watu zikiimba "aaa" peke yake. Kila noti ilirekodiwa katika kipande chake cha tepu, kisha tepu ikaunganishwa ncha kwa ncha ikawa kitanzi kinachozunguka bila kukoma. Vitanzi hivyo havikulingana urefu. Noti moja hurudi kila baada ya sekunde 23 na nusu, nyingine karibu kila sekunde 26, nyingine karibu kila sekunde 30.

Fikiria majirani watatu wanaokwenda kuteka maji kisimani, kila mmoja kwa ratiba yake. Leo wanakutana wawili, kesho anapita mmoja peke yake, kesho kutwa wanafika wote watatu pamoja. Watu ni wale wale na njia ni ile ile, lakini mkutano haufanani na wa jana. Ndivyo wimbo huo unavyokwenda. Eno alipanga vitanzi, akaviacha vikutane vyenyewe.

Hapo ndipo uhai wake ulipo. Wimbo wenye kiitikio kikali unaujua wote baada ya kuusikia mara kumi, na mara ya mia umeuchoka. Huu, hata mara ya mia, huwezi kukumbuka ni noti gani inafuata. Akili inaacha kubahatisha, inatulia. Na kwa sababu haukufuata fasheni ya mwaka wa 1978, hakuna kitu ndani yake cha kukuambia umezeeka. Ngoma nyingi za disko za mwaka ule zinajitaja umri wake ndani ya sekunde tano.

Jaribu njia ya Ukambani

Muziki huu unahitaji nafasi, na Kitui na Makueni zina nafasi tele. Kutoka Kibwezi, lami inashuka hadi Mto Athi, inavuka kuelekea Ikutha, kisha inapanda Mutomo hadi Kitui mjini. Mibuyu imesimama mbalimbali kama watu wasiosalimiana. Uwanda wa Yatta, ambao ni mtiririko wa lava ya kale wenye urefu wa karibu kilomita 300, unaonekana kama mstari uliochorwa kwa rula. Unaweza kuutazama nusu saa na usione ukibadilika, kumbe umebadilika wote.

Au panda treni ya SGR inayosimama vituo vya kaunti, ushuke Emali, Kibwezi au Mtito Andei. Stesheni zile ni kubwa, zina mwangwi, na nyakati nyingi zina watu wachache. Hicho ndicho chumba ambacho Eno alikuwa akikiwazia.

Kuna pia somo la mchanga. Mito mingi ya Kitui na Makueni hukauka miezi mingi ya mwaka. Tangu miaka ya 1990, wanakijiji wa Kitui wakishirikiana na shirika la SASOL wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga: ukuta wa saruji unakinga mto, mvua inaleta mchanga, na maji yanajificha ndani ya mchanga huo. Mgeni akipita ataona jangwa. Mwenyeji atachimba shimo dogo, atakaa kando na kusubiri, na maji yatajaa polepole. Ukiwa na haraka utakwenda na mtungi mtupu. Muziki huu nao ni hivyo hivyo. Dakika tatu za kwanza ni mchanga.

Mkenya aliyechukua usukani

Kama unadhani haya ni mambo ya Wazungu, muulize KMRU. Jina lake halisi ni Joseph Kamaru, kijana wa Nairobi aliyezaliwa 1997 na kusomea muziki Chuo Kikuu cha Kenyatta kabla ya kuhamia Berlin. Mwaka wa 2020, dunia ikiwa imejifungia kwa sababu ya korona, alitoa albamu iitwayo Peel kupitia Editions Mego, lebo ya Austria inayoheshimika sana katika muziki wa kielektroniki. Wimbo unaobeba jina la albamu unapita dakika 20. Leo ni mmoja wa wasanii wa ambienti wanaotajwa sana duniani.

KMRU hubeba kinasa sauti mtaani, barabarani na porini. Anachokinasa anakivuta, anakikunja na kukirundika hadi kinakuwa wingu la sauti. Ukisikiliza vizuri unahisi kuna mahali halisi ndani yake, hata kama huwezi kupataja.

Jina lake pia lina historia. Babu yake ni Joseph Kamaru mwenyewe, gwiji wa muziki wa Kikuyu aliyefariki Oktoba 2018. Mjukuu amekuwa akizitoa upya mtandaoni nyimbo za babu yake, ili zisiozee kwenye kanda na santuri. Na mwaka wa 2022 alitoa Temporary Stored, kazi inayotokana na rekodi za sauti za Afrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Swali la kazi hiyo linauma: ikiwa sauti za wazee wetu zimefungiwa kwenye kabati la Ulaya, ni nani anayezisikia?

Na sauti za kwetu je?

Hapa ndipo mjadala unapofika mlangoni kwa kijana wa Kitui na Makueni.

Kabla ya benga, kabla ya redio, Wakamba walikuwa na kilumi. Ni ngoma ya kuita pepo za wahenga, ya tiba na ya kuomba mvua, na wanaoiongoza kwa kawaida ni akina mama wazee. Mdundo unarudiwa na kurudiwa, mwimbaji anatoa, wenzake wanapokea, na unaweza kuendelea usiku kucha. Hakuna anayeuliza wimbo utaisha lini, maana kurudia ndiko kunakofanya kazi. Msomi Paul Kavyu aliandika kuhusu muziki huu katika An Introduction to Kamba Music, kitabu kilichotoka 1977, mwaka mmoja tu kabla ya albamu ya Eno. Baadaye akaandika kingine kuhusu ngoma zenyewe.

Tusichanganye mambo: kilumi si ambienti. Kilumi inakuita mwili mzima, tena na jamii yote pamoja, ilhali albamu ya Eno inakuacha peke yako na dirisha. Lakini vyote viwili vinakataa lile wazo kwamba muziki lazima uwe dakika tatu na uwe na "sehemu tamu" ya kukatwa kwa ajili ya TikTok. Aliyelelewa karibu na kilumi hakuhitaji Mwingereza kumfundisha kwamba kurudia kunafungua akili.

Tofauti kubwa ni kwamba 1/1 unaipata kwa kugusa simu mara moja. Nyimbo za kilumi alizoimba nyanya wa rafiki yako huko Kyuso au Kathonzweni, je, ziko wapi? Kila mzee anapokwenda, maktaba inafungwa. Na si nyimbo tu. Kuna sauti ya ng'ombe wakishuka mtoni kwenye mashimo ya maji, upepo kwenye mibuyu, soko la Jumanne, mvua ya Novemba ya kwanza kugonga mabati baada ya miezi ya kiangazi. Mito inayochimbwa mchanga usiku na mchana tayari inasikika tofauti na ilivyosikika miaka 20 iliyopita.

Kwa hivyo kama albamu hii imekuingia, usiishie kulala nayo. Simu iliyo mfukoni mwako ina programu ya kurekodi. Weka mode ya ndege ili isilie, iweke mahali pasipo na upepo, nyamaza dakika kumi. Ukimrekodi mzee, omba ruhusa kwanza, mwambie utaipeleka wapi, na umrudishie nakala. Andika tarehe na mahali. Ukitaka kuifanya muziki baadaye, programu za bure za kuunganisha vitanzi zimejaa mtandaoni, na Eno alifanya yake kwa mkasi na tepu.

Kwa anayeanza leo, usianze na saa nzima. Pakua 1/1 ukiwa kwenye Wi-Fi ili usimalize bando, sauti iwe chini kuliko ulivyozoea, kisha uisikilize ukiwa na jambo dogo la kufanya, kama kufua au kuchambua pojo. Ukiipenda, nenda 2/1, halafu Peel. Usipoipenda, sawa tu, benga bado ipo na Katitu Boys hawajaenda popote. Ila kabla hujarudi huko, zima kila kitu dakika moja, usikilize kilicho nje ya dirisha lako.