Kazi ya Kupokonya Mpira

Katika timu ya mpira wa miguu yuko mtu mmoja ambaye watazamaji hawamtambui mpaka siku asipokuwapo. Zamani mahali pake paliitwa hafubeki. Siku hizi magazeti humwita kiungo mkabaji. Husimama mbele ya mabeki wa kati, na kazi yake ni kuunyang'anya mpira kabla hatari haijafika langoni. Leo napenda kuwaeleza vijana wa Majengo, na wa vijiji vyote vya nyanda hizi za kati, jinsi kazi hiyo inavyojifunzwa.

Yatupasa kuanza na ardhi yenyewe. Mvua yetu hapa Dodoma hunyesha baina ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki uwanja wa mtaani huwa mgumu kama sakafu, tena una changarawe juu yake. Kijana atazamaye mpira wa Ulaya katika televisheni humwona mchezaji akijitupa chini na kuteleza juu ya majani yaliyonyweshwa maji. Akija kumwiga hapa, huchunika paja lote, na mara nyingine huuvunja mguu wa mwenziwe. Wako watu wazima wasimamao kando ya uwanja wakipiga kelele, "Mkate! Mvunje!" Hao hawataonekana siku mtoto atakapofungwa mguu hospitalini. Mimi naona kwamba katika viwanja vyetu ni lazima kijana ajifunze kupokonya akiwa amesimama. Wala hapati hasara kwa hayo, kwa maana mchezaji aliyelala chini amekwisha kutoka mchezoni mpaka ainuke.

Kazi huanza kwa macho. Kabla mpira haujapigwa kuja upande wako, geuza kichwa utazame nyuma ya bega, ujue ni adui yupi aliye huru, kisha usimame katika njia ambayo mpira ungepita kumfikia. Mipira mingi hupatikana hivyo, pasipo kugusana na mtu.

Ikiwa mpira umekwisha kumfikia adui, mkimbilie upesi wakati mpira ungali njiani. Ukiwa umebakiza hatua mbili au tatu, fupisha hatua zako, kunja magoti, usimame kwa ubavu, mguu mmoja mbele ya mwingine. Hapa ndipo wengi huharibu: huja mbio moja kwa moja, naye adui huusogeza mpira kidogo tu, akapita. Wewe ngoja. Mzibie njia ya katikati, umsukumie kwenye mstari wa pembeni au kwenye mguu wake dhaifu. Utazame mpira, usimtazame mabega wala miguu, maana hivyo hudanganya. Atakapougusa ukamtoka mbali kidogo, mpira huo hauna mwenyewe, hapo ingia. Weka mguu wa kusimamia karibu na mpira, kaza kifundo cha mguu wa pili, uupige kwa upande wa ndani wa mguu, uzito wa mwili wote ukiwa mbele. Kisha weka mwili wako baina ya mpira na mtu, umpe mwenzako aliye karibu. Usitafute sifa kwa kupiga chenga baada ya kupokonya.

Wengi hudhani kwamba aliyegusa mpira kwanza hana kosa. Sivyo. Sheria ya 12 ya mchezo huangalia namna ulivyoingia: ukiingia kwa uzembe, adui hupewa mpira wa adhabu, ukiingia pasipo kujali usalama wake, kadi ya njano, ukitumia nguvu kupita kiasi, kadi nyekundu, hata kama mpira uliugusa.

Afrika ya Mashariki ina mfano mwema wa kazi hii. Victor Wanyama alizaliwa Nairobi mwaka 1991, na mwaka 2013 alitoka Celtic ya Uskoti kwenda Southampton, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Alikuwa mrefu mwenye nguvu, lakini nguvu peke yake haikumfikisha huko. Novemba 2012 Celtic waliwafunga Barcelona 2 kwa 1, na Wanyama akatia goli la kwanza kwa kichwa. Goli hilo watu hulisimulia hata leo. Mipira aliyoinyang'anya usiku ule, nani aikumbukaye? Ndivyo ilivyo kwa Claude Makélélé pia, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1973. Real Madrid walimwacha aende Chelsea mwaka 2003. Chelsea wakatwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 2005 na 2006, nao Madrid hawakupata tena ubingwa wa Hispania mpaka 2007.

Mazoezi yake hayataki fedha. Mpira wa matambara watosha. Chora mraba wa hatua kumi kila upande, asubuhi mapema kabla jua na upepo havijazidi. Mmoja asimame upande huu na mpira, ajaribu kuvuka mpaka upande wa pili. Mwingine amzuie, wala asiruhusiwe kulala chini. Baada ya mara tano wabadilishane. Kisha waongezeke wawili, ili anayepokonya awe na mtu wa kumpa mpira papo hapo.